Mbawala Niliyemwelekeza Kibla

Wenzangu, mimi mtu mzima mwenye vitukuu nilikatiza kijiji kizima mbio, shimizi mwilini, kisu mkononi, mpaka mbele ya wakwe. Basi, nimeshasema, lile baya limeshatoka, sasa tunaweza kukaa vizuri niwaeleze ilivyokuwa, maana najua wengi wenu mmeisikia kwa Hamisi Chingwele, jirani yangu, na Hamisi huongeza chumvi (yeye anasema hata shimizi halikuwepo, mwongo mkubwa, shimizi lilikuwepo na ndilo lililoniponza zaidi, mtaona).

Mambo yote yalianza na mdomo wangu, siku ya posa. Mjukuu wangu Rukia, niliyemlea mwenyewe tangu anatambaa, alipata mchumba wa Mikindani, kijana anaitwa Abdurahmani, fundi wa mashine za boti, mpole, sina neno naye hata leo. Neno lilikuwa kwa mama yake, Bi Zuhura binti Shomari, mwanamke mrefu wa kujidai kidogo, anayekitazama kikombe ndani kabla hajanywa chai ya mtu. Basi nami nilivyomwona anatazama kikombe changu, roho ikanipanda, nikataka naye ajue amekuja kwa watu, nikasema kwa sauti kwamba sisi huku upande wa Kitaya harusi bila nyama ya porini haijaitwa harusi, na marehemu mume wangu, Issa Likwata, Mungu amrehemu, alilisha mbawala harusi zote za ukoo huu mpaka alipoishiwa macho.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Nyama ya bunduki?"

"Ya bunduki, mkwe. Ya nini tena?"

"Sisi kwetu nyama ya bunduki hatuli. Kinachokufa kwa risasi, kisu kikifika kimeshachelewa. Huo ni mzoga umetiwa bizari."

Ustaadhi Bakari, mwalimu wetu wa madrasa, akajaribu kumweleza taratibu kwamba mwindaji akisoma Bismillahi wakati anafyatua, mnyama ni halali, masheikh wengi wamesema hivyo. Bi Zuhura akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akamjibu, "Wewe unakula, ustaadhi, kula. Mimi na watu wangu siku hiyo tutakuja na chakula chetu kwenye hotipoti."

Sasa nyinyi wa pwani hii mnajua, upande wa bwana harusi wakija shughulini na hotipoti zao, hiyo si harusi tena, ni tangazo. Na Rukia alikuwa nyuma ya mlango, alisikia yote, jioni nilimkuta amejifunika gubigubi analia, ananiambia, "Bibi, mimi ndiye nitakayekwenda kukaa nyumba ile. Kila nikikosea chumvi nitaambiwa kwetu tunalisha watu mizoga." Maneno yale yaliniingia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaongeza langu kule barazani kabla hajaja kulia, nilikuwa nimesimama (kwa nini nilisimama sijui) nikamwambia Bi Zuhura mbele ya wazee wote, "Mkwe, mbawala wa harusi hii atachinjwa anapumua, na ustaadhi atakuapia." Naye akasema ustaadhi akila kiapo kwamba ameona kwa macho yake pumzi za mnyama kisu kikiingia, atakula, na watu wake watakula. Ndiyo ikawa hivyo. Neno likatoka, likakaa katikati yetu.

Mwindaji wetu siku hizi ni Salumu, mtoto wa kaka yangu. Ana leseni yake safi, alikuwa na kibali cha mbawala mmoja (mmoja tu, watu wa maliasili hawana mchezo), na ana raifo mbili, moja nzito aliyorithi kwa baba yake na moja nyembamba aliyonunua mwenyewe. Harusi ilipokaribia akaja barazani, akatandika kitambaa, akaweka juu yake risasi mbili, moja ya kila bunduki, tukainama kuzitazama kama wanawake wanaochagua vitenge.

"Hii, shangazi, ni tatu sabini na tano. Hii ndogo ni mbili arobaini na tatu."

Mimi namba hizo zinanipita kama namba za mabasi. Nilichoona ni kwamba moja ilikuwa nene kama kidole gumba cha mvuvi na nyingine imechongoka kama kidole cha mwisho cha bi harusi. Nikauliza, "Ipi inaua polepole?"

Salumu akanitazama. "Shangazi, hakuna mtu anayeuliza swali hilo."

"Mimi nimeuliza."

Akakaa chini, akaanza kunieleza kwa subira, maana Salumu ni mtu wa subira, alitoka hivyo tumboni. Akasema pale kwenye mashamba ya kunde, karibu na mto, wanakoshinda mbawala, ni vichaka tupu. Risasi kubwa ni nzito, ikikutana na kijiti inakivunja inaendelea na safari. Ndogo ni nyepesi na ina mbio, ikigusa kijiti inageuka, inakwenda inakotaka yenyewe. Na mbawala dume akijeruhiwa tu asianguke vizuri, hakimbii mtu, anamfuata. "Mnamwona mpole kwa sababu mnamwona kwenye sufuria," akasema.

Hamisi Chingwele, aliyekuwa amepita tu kuomba moto wa sigara na hakuondoka tena, akadakia, "Chukueni gobore langu. Natia baruti, natia misumari, natia vipande vya sufuria. Hakuna ntu atauliza namba."

"Gobore lako mara ya mwisho lilibomoa choo chako, Hamisi."

"Choo kilikuwa kibovu."

"Na nyama ya misumari atakula nani, wewe na meno yako mawili?"

Watu wakacheka, ila Salumu hakucheka, alikuwa ameshika ile kubwa anaizungushazungusha. "Shangazi, mimi nachukua hii. Nampiga begani, analala hapo hapo, hateseki."

"Ndilo nisilolitaka! Akilala hapo hapo, ustaadhi akifika atakuta nini? Atamwapia nini Bi Zuhura? Ndogo itamwangusha, itamwachia pumzi, kisu kitafika. Mimi nimekaa na mwindaji maisha yangu yote, Salumu, nimebeba risasi za Issa Likwata nikiwa na mimba. Issa mwenyewe aliniambia ile kubwa ni ya nyati."

"Alikuambia pia usimsogelee mnyama aliyeanguka mpaka uhakikishe."

"Hilo silikumbuki." (Majina ya watu nayakumbuka yote, mpaka ya mkunga aliyenizalisha mtoto wa kwanza, Biti Nangumbi, lakini maneno mengine huwa yananipotea yakihitajika.)

Salumu akapumua. "Haya. Ila naomba ieleweke mbele ya Mzee Hamisi kwamba mimi nilitaka kubwa."

"Imeeleweka."

"Nilitaka kubwa."

"Tumesikia, Salumu! Chukua ndogo!"

Siku yenyewe ilikuwa siku moja kabla ya harusi, asubuhi ambayo Bi Zuhura na wenzake walikuwa wanaleta sanduku la bi harusi. Tuliswali alfajiri, tukatoka watatu, Salumu na bunduki yake nyembamba, ustaadhi Bakari na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mimi. Mnaweza kuuliza mimi nilifuata nini. Shamba la kunde ni langu, mbawala alikuwa anakula kunde zangu, njia zake nazijua, na (niseme ukweli) nisingeweza kukaa nyumbani hata kwa kamba. Nilivaa fulana, ndani shimizi, juu nikajifunga kanga mpya, kipande kimoja cha ile doti aliyoniletea Bi Zuhura siku ya posa, makusudi kabisa, ili akifika anikute nayo ajue mimi si mtu wa kinyongo.

Salumu akatupanga. Yeye alikaa upande wa pili wa korongo, juu kidogo, mimi na ustaadhi tukajibanza nyuma ya kichuguu, pembeni mbali na risasi lakini karibu na kunde, ili mnyama akianguka kisu kiwahi. Ustaadhi ni mtu wa mwili, jamani, na alikuwa amekuja na kanzu porini, nimemkataza hakusikia. Ili aweze kuikunja kanzu akanipa kisu nimshikie. Nimshikie kidogo tu, alisema.

Akatoka. Dume, wenzangu, dume hasa, mweusimweusi mgongoni, madoa meupe ubavuni kama umemnyunyizia unga, pembe zimejisokota. Akasimama ndani ya kunde zangu anatafuna kama mwenye shamba. Nikamsikia Salumu kwa mbali anasoma Bismillahi, kisha pa!

Mbawala akaanguka. Chini, miguu imenyooka, kimya.

"Ustaadhi!" nikasema, "ustaadhi, twende, twende kabla hajakata roho!" Nikachomoka mimi, naye akachomoka nyuma yangu, lakini badala ya kufuata njia yangu akakata kona, akaingia moja kwa moja kwenye upupu. Mnaujua upupu wa mwezi ule, umekauka, ukiupumulia tu unawasha. Kanzu yote, shingo, uso. Nikasikia "Auzubillahi!" kisha nikasikia mtu anajikuna kama mbwa mwenye viroboto, na nilipogeuka alikuwa amekaa chini, kanzu imempanda kichwani, hana habari na mimi wala mbawala.

Salumu naye huko ng'ambo alikuwa anapiga kelele, "Shangazi usimsogelee! Shangazi!" lakini korongo lilikuwa na tope, ilibidi azunguke mbali. Mimi nilichokiona ni kitu kimoja tu, ubavu wa mbawala unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na nikajua kila pumzi ile ni ya Rukia. Ikiisha, imeisha. Kisu ninacho. Nikamwendea.

Sasa hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Alikuwa ameanguka kichwa kinatazama mtoni. Mnyama hachinjwi akitazama mtoni, anageuzwa aelekee Kibla, hilo hata mtoto anajua, na huku kwetu Kibla ni kaskazini, yaani mto uko nyuma yako, na mbele yako, ukinyoosha njia moja kwa moja, ni kijijini, ni nyumbani kwangu. Lakini mtu mmoja, bibi kizee, anamgeuzaje dume zima? Nikafungua kanga yangu kiunoni, nikaizungusha kwenye pembe zake, nikaifunga fundo, nikakaza miguu nikaanza kumvuta kwa kanga, nageuza kichwa, namwambia, "Geuka baba, geuka, Kibla ni huku, huku, vizuri, hivyo hivyo." Mpaka akakaa sawasawa kabisa. Hata leo nasema, hakuna mtu aliyewahi kumweka mnyama Kibla vizuri kuliko nilivyomweka mbawala yule.

Nikampanda mgongoni, nikashika pembe, nikainua kisu, nikafungua mdomo niseme Bismillahi, naye akafungua jicho.

Akanitazama. Nikamtazama.

Kisha akainuka na mimi juu yake. Sijui nilikaa pale juu muda gani, Salumu anasema ni hatua chache tu, mimi naona ilikuwa safari ndefu, ninachokumbuka ni kwamba nilipiga kelele majina ya wazee wangu wote mmoja mmoja, na kwamba nilianguka kwenye kunde kwa makalio. Mbawala hakugeuka kunichoma, Mungu alinihurumia. Akaondoka mbio. Kwenda wapi? Huko huko nilikomwelekeza. Nimemgeuza mwenyewe kwa mikono yangu, nimemnyooshea kijijini, naye akanyooka kijijini, na kanga ya Bi Zuhura inapepea kwenye pembe.

Ningeweza kubaki pale. Mtu mwenye akili angebaki, akajificha kwenye kunde mpaka aletewe nguo. Lakini nikawaza, kibali ni cha mbawala mmoja, mbawala ni huyu, harusi ni kesho, nikainuka nikaanza kumfukuza. Miguu hii yenye baridi yabisi, inayokataa kwenda msalani, siku ile ilikimbia. Nikapita mihogoni, nikapita mikoroshoni, nikapita kwa Biti Mkwepu anatwanga akabaki mchi uko juu, sikusalimia mtu.

Nyumbani kwangu uani walikuwa wamekaa wageni juu ya mikeka, chini ya dirisha la sebule. Nawataja, kwa sababu sura zao nitazikumbuka mpaka kaburini. Alikuwepo Bi Zuhura mwenyewe, dada yake Mwanashamba, mawifi wake Fatuma Kombo na Zainabu Kombo, Bi Hadija wa Magomeni aliyekuja kwa ajili ya vigelegele tu, na dereva wa Noah, Juma Pilipili, mwanamume pekee, alikuwa anakunywa uji. Sanduku lilikuwa limefunguliwa katikati, wanatoa nguo moja moja, Bi Hadija anapiga kigelegele kwa kila nguo. Kigelegele cha mwisho kiligeuka yowe. Mbawala aliruka mikeka, aliruka sanduku, akaondoka na sidiria mpya kwenye kwato, akakata kona kwenye banda la jiko, na mbele yake kulikuwa na nyavu za Hamisi Chingwele zimetandazwa kati ya mikorosho miwili zinashonwa. Akaingia humo mzima mzima, akajisokota, akaanguka nazo.

Na mimi ndiyo natokea.

Nilisimama pale kichwa wazi, kunde kwenye nywele, kisu mkononi, fulana, na shimizi. Sasa shimizi lenyewe. Nilipobadilisha mapazia ya sebuleni kwa ajili ya harusi kitambaa kilibaki, kizuri, cha maua makubwa ya njano, nikasema nisikitupe, nikashona shimizi, nani atakayeliona? Bi Zuhura alinitazama mimi, akainua macho akatazama pazia dirishani, akanitazama mimi tena. Mwanashamba naye akatazama pazia. Wakatazama wote, mmoja mmoja, mpaka Juma Pilipili na uji wake.

"Mkwe," akasema Bi Zuhura polepole, "ile kanga iliyopita hapa, si ile niliyokupa?"

"Ndiyo yenyewe, mkwe. Karibuni sana."

Hamisi alikuwa anarukaruka, "Wavu wangu! Wavu wangu jamani, naumaliza leo kushona!" huku anavuta ncha moja, na mbawala anarusha miguu, na kamba zinakatika, ta, ta, nikaona kabisa tundu linafunguka kwenye kichwa na pembe inatoka. Nikajua anaondoka. Anaondoka na harusi yote. Nikaenda nikajitupa juu ya shingo yake na shimizi langu, aibu nikaiacha pale nilipokuwa nimesimama, nikashika pembe ile kwa mikono miwili, nikalia, "Nisaidieni!"

Mawifi wakarudi nyuma. Juma Pilipili akapanda ndani ya Noah akafunga mlango. Hamisi anazidi kuvuta.

Na hapo ndipo nikamsikia Bi Zuhura. "Wewe mzee, usivute! Ukivuta anachana! Legeza chini! Legeza!" Nikageuza macho, mwanamke amevua viatu, amekunja baibui mpaka magotini, anakuja mbio. (Baba yake alikuwa mvuvi, mimi nilikuwa nimesahau, kujidai kule kote kumelelewa kwenye nyavu.) "Mwanashamba, shika kule, zungusha, pitisha tumboni! Fatuma, kalia wavu! Kalia, usiogope, kwani papa mlikuwa mnawakamataje?" Na yeye mwenyewe akaangukia miguu ya nyuma, akaikumbatia, akaikunja, akaupitisha wavu mara ya pili na ya tatu mpaka mnyama akawa furushi.

Tukatulia. Mimi nimelalia shingo, yeye amelalia mapaja, tunatazamana juu ya ubavu wa mbawala unaopanda na kushuka, mtandio umemtoka kichwani, jasho linamchuruzika, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mkwe," akasema anahema, "huyu ndiye mbawala wako?"

"Ndiye."

Akaweka kiganja ubavuni mwa mnyama, akakiacha pale, kinapanda, kinashuka. "Anapumua."

"Si nilikuambia?"

Wenzangu, nimezaa, nimeozesha, nimewahi kupata korosho daraja la kwanza mwaka ambao kijiji kizima walipata la pili, lakini sijawahi kusema neno tamu kama lile. Bi Zuhura akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikashindwa, tukacheka pale juu ya mnyama mpaka machozi.

Ustaadhi Bakari akafika, macho yamevimba, anajikuna kwa mikono miwili. Nikamnyooshea kisu, akajaribu kukishika, mkono ukarudi shingoni wenyewe. Akasema, "Siwezi, Bi Mwanahawa. Chinja wewe."

Hamisi akasema, "Mwanamke?"

"Mwanamke wa Kiislamu akisoma Bismillahi, mkono wake na wangu ni sawa," ustaadhi akamjibu, "na wangu leo hauna kazi."

Bi Zuhura akainuka, akaufungua ule mtandio wake wa hariri uliokuwa shingoni, wa harusi hasa, akanifunga kiunoni kwa mikono yake, akakaza fundo. "Sasa chinja," akasema, "mbele yangu mimi, sitaki kiapo cha mtu." Tukamgeuza Kibla kwa mara ya pili, safari hii wanawake sita na wavu mzima, miguu yote imefungwa. Nikasoma kwa sauti mpaka jirani wa tatu akasikia, nikakata mara moja, safi, kama Issa alivyonifundisha. Bi Hadija wa Magomeni akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia ng'ambo ya mto, Msumbiji.

Salumu akafika mwisho, tope mpaka kiunoni, amechoka, akachutama akampapasa mnyama mwili mzima kutafuta tundu la risasi. Hakuna. Akatazama pembe, chini kabisa kwenye shina, imemeguka kipande. "Niliona kijiti cha mkole kinaruka," akasema. "Risasi imegusa kijiti, imepinda, imegonga pembe, akazimia. Nilikuambia, shangazi. Kubwa ingemlaza pale pale kwenye kunde."

"Na Bi Zuhura angelala na njaa," nikamjibu, mbele ya watu, nikiwa na mtandio wa hariri.

Kesho yake hotipoti zilibaki ndani ya Noah. Nyama ya mbawala iliwekwa kwenye sinia la wakwe kwanza, na Bi Zuhura ndiye aliyenyoosha mkono wa mwanzo, akachukua pande la paja (paja lingine lilikwenda kwa Hamisi kwa ajili ya wavu wake, na bado analalamika), akatafuna, akawaambia watu wake wa Mikindani, "Kuleni. Huyu nimemkamata mimi." Nikamwacha aseme. Rukia alikuwa amefunikwa ndani lakini alisikia, na mimi niliona shela inatikisika, nikajua mjukuu wangu anacheka. Siku hizi akipiga simu ananiambia mama mkwe wake humkalisha kila mgeni anayefika, akamsimulia kuanzia kwenye kanga mpaka kwenye pazia, na hakuna siku amemkaripia kuhusu kwao.

Lakini siwadanganyi. Ushindi ule niliupata kwa bahati, si kwa akili. Pembe ile ingekuwa kidole kimoja pembeni, mbawala angejeruhiwa vibaya, angenichoma tumboni pale kwenye kunde, na wageni wangekula hitma badala ya harusi, kwa sababu bibi mmoja alichagua risasi kwa ajili ya kumjibu mtu badala ya kutazama kichaka. Nimemwambia Salumu hivyo, peke yake, siyo mbele ya Hamisi, naye akasema, "Nilitaka kubwa," nikasema, "Ulitaka kubwa, mwanangu."

Juzi Bi Zuhura amenipigia simu. Mtoto wake wa mwisho anaoa, shughuli ni huko huko Mikindani, na watu wake wote wanataka mbawala, aje mzima, achinjwe uani mbele yao, na wanataka nichinje mimi. "Njoo na Salumu," akasema, "na wewe ndiye utakayechagua risasi, wageni wameshaahidiwa."

Nikamwambia, "Zuhura, mwenzangu, nakuja, nitapika, nitacheza, nitalala kwako wiki nzima. Lakini bunduki ni ya Salumu na risasi ni ya Salumu, mimi sichagui tena. Na wewe ukiniheshimu kweli, nenda sokoni kanunue mbuzi."

Akauliza, "Basi angalau utakuja na lile shimizi?"

Nimekata simu. Kitambaa kimebaki, namshonea lake.